Ngozi Inapochubuka Baada ya Dawa: Mwongozo kwa Familia za Tunduma na Songwe

Ukimkuta mtu mwenye homa na malengelenge mwilini, anza na mdomo. Mpeleke penye mwanga, afungue kinywa, uangalie midomo, ulimi, ufizi na ndani ya mashavu. Halafu tazama macho: yamekuwa mekundu, yanatoa tongotongo, hayavumilii jua? Halafu muulize, wala usione haya, kama anaungua anapokojoa au ana vidonda sehemu za siri. Sehemu hizi tatu ndizo zitakazokuonyesha kama ugonjwa huo unaweza kungoja kliniki ya kesho au ni wa kuondoka nao sasa hivi.

Nawaandikia mama, mume, konda, mwenye nyumba ya wageni na muuzaji wa duka la dawa muhimu, kwa sababu hao ndio wanaomwona mgonjwa siku ya kwanza. Madaktari wa ngozi ni wachache nchini, na kituo kikubwa kinachowafundisha, kile cha hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992, kiko Moshi, upande wa pili kabisa wa Tanzania. Mgonjwa wa Kamsamba au Mkwajuni hategemei jicho la bingwa siku ile upele unapoanza. Anategemea lako.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, waliandika habari za wavulana wawili waliopata homa, upele, macho kuvimba na mdomo kujaa vidonda. Mwaka 1956 Alan Lyell, daktari wa ngozi wa Aberdeen huko Uskoti, akaeleza wagonjwa 4 ambao ngozi zao zilitoka kana kwamba wamemwagiwa maji ya moto. Leo madaktari wanayahesabu hayo kuwa ugonjwa mmoja wenye ngazi. Ngozi iliyochubuka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, unaitwa Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30, unaitwa ugonjwa wa Lyell. Ikiwa katikati, ni mchanganyiko wa hayo mawili. Kipimo cha nyumbani ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: eneo hilo ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Kwenye Stevens-Johnson hufariki kiasi cha mgonjwa 1 katika 10. Kwenye Lyell hufariki kiasi cha 3 katika 10, na pasipo huduma nzuri idadi huongezeka.

Kinachotokea ni hiki. Kwa watu wachache, dawa huichanganya kinga ya mwili, na chembe za kinga zikaanza kuua chembe za ngozi ya juu. Tabaka zima la juu hufa na kuachana na lile la chini. Mahali palipobaki wazi hupoteza maji, chumvi na joto, na bakteria huingia bila kizuizi. Maambukizi ya damu ndiyo huua wengi. Jambo hili halimaanishi kwamba dawa ilikuwa bandia, wala kwamba mgonjwa alimeza nyingi kupita kiasi. Hutokea kwa dozi sahihi, kwa dawa nzuri, iliyoandikwa na daktari makini. Nasisitiza hilo kwa sababu nyumbani lawama zikianza, watu huficha dawa walizotumia, na ukifichwa ukweli huo tiba haiwezi kuanza vizuri.

Dawa zipi, na zilimezwa lini

Dawa nyingi zinaweza kuleta hali hii, lakini chache ndizo hurudi kwenye orodha kila mara. Za kwanza ni za sulfa: septrini, ambayo wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI huitumia kujikinga na magonjwa nyemelezi, na SP ya malaria. Zinafuata dawa za kifafa: carbamazepine, phenytoin, phenobarbital na lamotrigine. Kisha nevirapine, ambayo zamani ilikuwa katika mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi. Kisha allopurinol inayotolewa kwa wenye gauti. Kisha baadhi ya dawa za maumivu, hasa piroxicam na meloxicam. Dawa za kifua kikuu nazo zimo, ingawa kwa nadra.

Kwetu kuna sababu ya kuzitazama kwa makini zile za kifafa. Mbozi ni miongoni mwa wilaya za nchi hii ambako tegu wa nguruwe amechunguzwa sana na watafiti. Mabuu ya tegu huyo yakifika kwenye ubongo wa binadamu huleta degedege na kifafa, na mgonjwa huanzishiwa dawa atakayoimeza kwa miaka. Wengi huimeza salama. Hatari kubwa iko katika miezi miwili ya mwanzo, na familia iambiwe hivyo siku ileile dawa inapotolewa.

Afrika Mashariki imeshalipa gharama ya kujifunza haya. Thiacetazone ilikuwa dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu. Mwaka 1991 utafiti uliofanyika Nairobi ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya UKIMWI, asilimia 20 walipata madhara ya ngozi kutokana na dawa hiyo. Kwa wasio na virusi ilikuwa asilimia 1. Wengine walifariki. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo isipewe wenye virusi. Tanzania nayo ilipoacha klorokwini na kuifanya SP dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, habari za watu kubabuka ngozi zilienea kwenye magazeti na vijiweni, na wengi wakaikataa. Woga ule ulikuwa na chanzo cha kweli. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliokuwa wakimeza Fansidar, ambayo ndiyo SP, kila wiki kujikinga na malaria safarini walipata madhara makali ya ngozi kwa kiwango cha takriban mtu 1 katika 5,000 hadi 8,000. Lakini kumeza kila wiki ni tofauti na dozi moja ya tiba, na dozi chache anazopewa mjamzito kliniki zina faida kubwa kuliko hatari. Mama mjamzito, usiitupe SP kwa sababu ya simulizi. Waambie tu wakunga kama umewahi kupata madhara ya sulfa.

Sasa suala la muda, ambalo ndilo huwapotosha watu wengi. Dawa iliyosababisha ugonjwa huu mara nyingi ilianza kutumika siku 4 hadi wiki 4 kabla ya upele, pengine hadi wiki 8. Dawa uliyoizoea kwa miaka 3 huwa haina kosa. Dawa iliyomezwa jana nayo mara nyingi haina kosa, isipokuwa kama mgonjwa aliwahi kuitumia zamani ikamdhuru.

Tatizo ni kwamba ugonjwa huanza kama mafua au malaria. Siku 1 hadi 3 kabla ya ngozi kuonyesha chochote, mgonjwa ana homa, koo linauma, macho yanawasha, mwili umechoka. Anafanya tunachofanya wote: ananunua dawa ya mseto bila kupima, anaongeza amoksilini, anaongeza diklofenaki. Siku ya tatu ngozi inaanza kuuma na kuota malengelenge. Nyumba nzima inasema, "Ni ile diklofenaki ya juzi." Diklofenaki inatupwa, na carbamazepine aliyoanza wiki 3 zilizopita inaendelea kumezwa asubuhi na jioni, kila dozi ikizidi kumuumiza.

Kwa hiyo usiulize "Umemeza nini?" tu, maana atajibu kuhusu jana. Chukua karatasi, andika wiki 8 nyuma, na ujaze kila kilichoingia mwilini: vidonge, sindano, dawa ya maji, dawa ya macho, mitishamba, dawa za kuongeza nguvu, vidonge alivyopewa na jirani. Kwa Tunduma ongeza swali moja: ulikuwa wapi? Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya TANZAM, unatazamana na Nakonde ya Zambia, na dereva wa lori anayeugua hapa leo anaweza kuwa alianzishiwa dawa Dar es Salaam au Lusaka wiki 2 zilizopita. Pekua mfuko wa safari. Maboksi na karatasi za vidonge, hata zilizokwisha, ni ushahidi.

Namna ya kuitambua kwenye ngozi yetu

Vitabu vingi vya tiba vinazungumzia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tafuta madoa yaliyokolea kuliko ngozi ya jirani, ya rangi ya zambarau, kijivu au kahawia iliyoiva, mara nyingi yakianzia kifuani, mgongoni na usoni kisha yakienea. Tazama viganja na nyayo, maana huko rangi huonekana vizuri zaidi. Gusa kwa nyuma ya mkono wako usikie joto.

Maumivu yana uzito kuliko rangi. Upele wa kawaida wa aleji huwasha, mgonjwa anajikuna. Huu huuma. Mgonjwa hataki kuguswa, hataki shuka, analalamika kuliko unavyotarajia kwa madoa yale machache unayoyaona. Maumivu yasiyolingana na upele ni onyo la mapema, pengine la mapema kuliko yote. Baadaye malengelenge legelege hujitokeza, hupasuka, na ngozi huanza kuteleza: ukimvua shati, kipande kinabaki kwenye nguo. Madaktari wana kipimo chao cha kusukuma ngozi kwa kidole. Wewe usikijaribu, ngozi iliyotoka yenyewe kwenye shuka inatosha kuwa jibu.

Na mdomo. Kwenye ugonjwa wa dawa, karibu kila mgonjwa huwa na vidonda kwenye sehemu moja au zaidi ya zile tatu. Midomo huvimba, hupasuka, hutoka damu na kuganda utando mweusi. Kumeza mate kunakuwa shida.

Ipo pia hali nyingine ya dawa isiyochubua ngozi lakini ni ya hatari: homa, upele mwili mzima, uso kuvimba, mitoki kuvimba, macho kuwa ya manjano, wiki 2 hadi 8 baada ya kuanza dawa. Hapo kinga imevamia ini na viungo vingine vya ndani. Huyo naye anaondoka leo.

Magonjwa yanayofanana nayo

Hata wataalamu wamechanganyikiwa hapa. Kati ya wale wagonjwa 4 wa Lyell, ilikuja kuonekana baadaye kwamba mmoja yaelekea hakuwa na ugonjwa wa dawa. Alikuwa na ugonjwa wa bakteria ambao Ritter von Rittershain alikuwa ameshauandika huko Prague mwaka 1878, akiwaelezea watoto wachanga. Mwaka 1970 ndipo watafiti walipothibitisha, kwa kutumia panya, kwamba bakteria aitwaye stafilokokasi hutoa sumu inayotenganisha ngozi. Kutofautisha magonjwa haya mawili si ubingwa mtupu wa vitabuni, kwa sababu tiba zake zinapingana: huyu wa bakteria anahitaji antibayotiki haraka, na yule wa dawa pengine ni antibayotiki hiyohiyo iliyomuumiza.

Ugonjwa huo wa stafilokokasi ni wa watoto, hasa walio chini ya miaka 5. Huanza na kidonda kidogo puani, jicho lenye usaha, au kitovu cha kichanga. Kisha mtoto anapata homa, analia akishikwa, na ngozi inakuwa ya moto na kubabuka kwenye mikunjo: shingoni, kwapani, kwenye kinena. Pembeni mwa mdomo kunakuwa na magaga na mipasuko. Lakini mfungue mdomo: ndani ni safi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ina sababu. Sumu ya bakteria hukata gundi inayoshikilia chembe za tabaka la juu kabisa la ngozi tu, na ndani ya mdomo kuna gundi ya aina nyingine inayoziba pengo hilo. Kwa kuwa kinachotoka ni utando mwembamba wa juu, mtoto aliyetibiwa mapema kwa dawa za jamii ya kloksasilini hupona ndani ya wiki 1 hadi 2 bila kovu. Asipotibiwa anaweza kufa. Mtu mzima akipata ugonjwa huu, mara nyingi ana shida ya figo au kinga, na hali yake ni mbaya zaidi.

Kuna maambukizi yanayovuruga kanuni ya mdomo, na sitaki uyasahau. Mtoto mkubwa au kijana aliyekohoa kwa wiki moja, kisha midomo na macho yakaharibika vibaya huku mwilini ana upele kidogo tu, anaweza kuwa na maambukizi ya bakteria wa mapafu aitwaye mikoplasma. Mwingine hutokwa na vipele vyenye miduara ndani ya miduara, hasa mikononi na miguuni, siku chache baada ya vidonda vya homa midomoni. Chanzo chake ni virusi vya hepesi. Wewe nyumbani huwezi kuwatenganisha hawa na mgonjwa wa dawa, wala huhitaji. Vidonda mdomoni pamoja na homa na upele ni safari ya hospitali, awe amemeza dawa au hakumeza.

Mengine ni rahisi zaidi. Tetekuwanga huwasha, huja kwa mafungu, na kwenye kifua kimoja utakuta kipele kichanga, lengelenge na kigaga kwa wakati mmoja. Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja wa mwili, hauvuki mstari wa katikati, na maumivu hutangulia. Mwenye nao apime virusi vya UKIMWI kama hajapima. Mpox, ambayo Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa 2 wa kwanza nchini mwezi Machi 2025, huleta vipele vigumu vyenye usaha, vinavyofanana umri, hadi viganjani na nyayoni, pamoja na mitoki iliyovimba. Mji wa mpakani kama wetu hauna ruhusa ya kuipuuza: mgonjwa akae peke yake, asiguswe bila glavu, na kituo kijulishwe kabla hajafikishwa. Kichanga anayezaliwa na malengelenge viganjani na nyayoni apimwe kaswende pamoja na mama yake, hata kama wote wanaonekana wazima.

Mstari wa malengelenge shingoni au usoni uliojitokeza siku moja au mbili baada ya kumponda yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ni ngozi iliyounguzwa na sumu yake. Hana homa, mdomo ni mzima. Osha kwa sabuni na maji mengi, na usimponde tena, mpulize aruke. Kitunguu saumu kilichofungwa juu ya ngozi usiku kucha nacho huunguza vilevile.

Kuna doa moja ambalo watu wa kwetu hulificha kwa aibu isiyo na sababu. Ni duara jeusi, wakati mwingine lenye lengelenge katikati, linalotokea mdomoni au kwenye uume au uke saa chache baada ya kumeza septrini au dawa nyingine, likapona na kuacha alama nyeusi, kisha likarudi palepale mgonjwa anapoimeza tena. Wengi hudhani ni ugonjwa wa zinaa, na ndoa zimeyumba kwa ajili yake. Ni mzio wa dawa. Kuitambua dawa hiyo na kuiacha ndiyo tiba. Madoa ya aina hii yakiwa mengi na yenye malengelenge mwili mzima, mchukulie mgonjwa kama wa Stevens-Johnson.

La kufanya leo

Mgonjwa akiwa na upele unaouma, au malengelenge, au vidonda mdomoni, na ameanza dawa yoyote katika wiki 8 zilizopita, asimeze dozi inayofuata ya dawa hiyo kabla ya kuonwa, na aonwe leo. Maneno hayo mawili yaende pamoja. Kuacha dawa na kubaki nyumbani ni hatari, hasa kwa dawa za kifafa, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, maana mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo. Hospitalini watambadilishia. Waambie wazi kwamba ni dawa ya kifafa, kwani carbamazepine, phenytoin na phenobarbital ni ndugu: aliyedhuriwa na moja anaweza kudhuriwa na nyingine. Mara nyingi hupewa valproate, na kama ni mwanamke anayeweza kushika mimba aseme, kwa sababu dawa hiyo ina madhara kwa mtoto aliye tumboni. Mwenye kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya virusi vya UKIMWI, aende nayo.

Usipake kitu. Si dawa ya meno, si asali, si yai, si unga wa mitishamba iliyochomwa, si GV inayoficha rangi ambayo daktari anataka kuiona. Nasema kwa mkazo kuhusu ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, silver sulfadiazine: ni sulfa. Muuzaji akiona ngozi iliyobabuka kama ya kuungua anaweza kuitoa kwa nia njema kabisa, na kama sulfa ndiyo iliyomdhuru mgonjwa, unamwongezea sumu kupitia ngozi iliyo wazi. Usimchome sindano ya aleji ukaridhika. Usimpe antibayotiki ya kubahatisha. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa kuliko diklofenaki, ibuprofeni au piroxicam.

Usipasue malengelenge wala kuvuta ngozi inayoning'inia. Ngozi ile iliyokufa bado ni kifuniko. Mfunike kwa shuka au kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi, bila plasta yoyote ya kunata. Mpashe joto. Nyanda za Mbozi na Ileje zina baridi kali mwezi wa 6 na wa 7, na mtu asiye na ngozi hupoa upesi hata akiwa na homa. Kama anameza, mpe maji ya chumvi chumvi ya ORS kidogokidogo, au uji mwepesi uliopoa. Macho yasafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na yasifungwe kitambaa.

Usimpakie bodaboda. Nyuma ya pikipiki ngozi inasuguliwa na nguo, vumbi na mikono ya anayemshikilia. Tafuta gari, alale. Kutoka Tunduma anza na kituo kilicho karibu ambacho kinaweza kumwekea maji ya mshipa, lakini uliza mapema kuhusu rufaa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iko Vwawa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka mpakani. Ukitoka Itumba au Chitete, hesabu muda wa barabara na uondoke kungali mapema. Kila siku anayocheleweshwa akiendelea na dawa iliyomdhuru hupunguza nafasi yake ya kupona.

Ukifika mapokezi, usiseme "ana aleji", utapangwa foleni. Sema hivi: "Dokta, shikamoo. Mgonjwa wangu ana homa, ana vidonda mdomoni, ngozi inauma na inachubuka. Wiki 3 zilizopita alianza carbamazepine. Dawa zote ni hizi hapa." Sentensi hizo chache zitamfikisha kitandani haraka kuliko kulia.

Hospitalini usitegemee sindano moja ya kumaliza ugonjwa. Hakuna. Tiba yake ni uangalizi unaofanana na wa majeraha ya moto: maji kwa vipimo, chakula, hata kwa mpira wa puani, usafi mkali, dawa za maumivu, na kupambana na maambukizi yakitokea. Madaktari hawajakubaliana kikamilifu juu ya dawa za kutuliza kinga, kwa hiyo usimgombeze daktari asiyezitoa. Jambo moja lakini lidai kwa heshima kila siku: macho yaonwe na mtaalamu wa macho tangu mwanzo. Ndani ya siku chache kope zinaweza kushikana na mboni, na mtu akapona ngozi yote akatoka kipofu. Matone, kusafisha na kuachanisha kope mapema huzuia mengi ya hayo. Kwa wanawake na wasichana, waulize wauguzi kuhusu vidonda vya uke, maana navyo hupona kwa kushikana kama havikutunzwa, na mgonjwa mwenyewe hatasema.

Akipona

Ngozi mpya hufunika ndani ya wiki 2 hadi 3 hivi. Madoa meusi na meupe hukaa miezi, kucha zinaweza kung'oka na kuota tena, macho yanaweza kubaki makavu na kuhitaji matone kwa muda mrefu. Arudi kliniki ya macho hata kama anaona vizuri.

Omba taarifa ijazwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina fomu ya kuripoti madhara ya dawa, na mgonjwa au ndugu yake anaruhusiwa kuripoti mwenyewe, hata bila kuwa na uhakika ni dawa gani. Hakuna anayeshtakiwa kwa fomu hiyo. Thiacetazone iliondolewa kwa wenye virusi kwa sababu kuna watu walihesabu wagonjwa na kuandika.

Mwisho, jina la dawa. Liandike kwa jina lake halisi, si la kampuni, kwa sababu boksi la Nakonde na boksi la Tunduma linaweza kuwa na majina mawili tofauti ya dawa moja. Andika "carbamazepine", "sulfamethoxazole", "allopurinol". Muulize mfamasia akuandikie herufi kwa herufi. Liwe kwenye jalada la daftari la kliniki, kwenye kadi ya CTC, kwenye simu ya mgonjwa na ya mtu anayeishi naye, na kwa dereva liwe kwenye karatasi ndani ya pasi yake ya kusafiria, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, likiwa na maneno haya: dawa hii ilinichubua ngozi, nisipewe tena maisha yangu yote, wala ndugu zake. Akitumwa mtoto dukani kununua dawa ya nyumba nzima, aende na karatasi hiyo mkononi.